Siku kumi za kumtazama Popi

TULIFIKA Ruai saa tano na robo usiku, tarehe 3 Januari, tukiwa tumechoka mithili ya punda wa mkokoteni. Basi liliondoka Bungoma alfajiri na mapema, na siku ya kawaida tungalikuwa Nairobi kabla ya jua kutua. Lakini nani asiyeijua barabara ya Nakuru msimu wa watu kurejea mjini? Karibu na Gilgil tulikaa kwenye foleni hadi watoto wakamaliza miwa yote waliyopewa na nyanya yao, na jogoo aliyekuwa kwenye katoni miguuni pangu akawika mara mbili akidhani kumekucha. Kutoka Machakos Country Bus tulipanda matatu ya Barabara ya Kangundo, na makanga akatutoza nauli ya jogoo pia.

Kabla sijatia ufunguo kwenye kufuli, nilisikia mkia wa Simba ukipiga bati la geti, du! du! du! Kisha nikasikia kucha za Popi zikikwaruza saruji upande wa pili. Mbwa hao walikuwa wametutambua kwa nyayo tu, usiku wa manane, baada ya siku kumi na nne.

Wasomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu wanawajua hawa wawili. Kwa walio wageni, niseme kwamba Simba ni mzee wa miaka tisa, rangi ya kahawia, asiyebweka ila kwa sababu. Popi ni kijana. Aliokotwa mtaroni na kitinda mimba wangu wakati wa mvua za vuli za mwaka juzi, akiwa peke yake, akiwa mdogo kiasi cha kutoshea kwenye mkoba wa shule. Na kwenye mkoba huo ndimo alimoingizwa nyumbani. Mama Watoto alikuja kumgundua siku ya tatu, alipotafuta daftari la hesabu.

Basi geti likafunguka. Simba alitunusa mmoja mmoja, polepole, kama askari wa mpakani anayekagua mizigo. Suruali yangu ilimshughulisha zaidi. Ilikuwa na harufu ya ng'ombe wa baba, moshi wa jikoni kwa mama, na mbwa watatu wa kule nyumbani ambao Simba hajapata kuwaona lakini sasa, nadhani, anawajua kuliko mimi. Popi naye hakuwa na subira ya kunusa. Aliinama, miguu ya mbele chini na makalio juu, mkia ukipepea, ndivyo mbwa anavyomwomba mtu mchezo, kisha akatimka. Aliizunguka nyumba mara tatu kama aliyechomwa na siafu. Mara ya nne alipita katikati ya miguu yangu, katoni ikaanguka, jogoo akatoka. Tulimkamata chini ya tangi la maji ikikaribia saa sita, Mama Watoto akiwa na slipa moja tu mguuni. Nyingine ilikuwa kinywani mwa Popi.

Tulicheka. Nakumbuka vizuri kwamba usiku ule tulicheka sana.

Kulipokucha ndipo nilipoona sikio la kushoto la Popi limechanika, na kidonda kimeanza kukauka. Mpwa wangu, kijana anayesomea chuo cha ufundi kule Thika, ndiye tuliyemwachia nyumba na mbwa. Alikuwa akifunga mzigo wake arejee chuoni. "Ni seng'enge, Mjomba," akasema bila kuinua kichwa. Nikaamini. Nilikuwa na nguo za kuanika, bili za kulipa na karo ya muhula wa kwanza ya kufikiria. Sikio la mbwa halikuwa kwenye orodha.

Maisha yakarudi njia yake. Simba alichukua nafasi yake kivulini kando ya mlango. Popi na kitinda mimba wakaanza upya vita vyao vya slipa, huyu akivuta huku na yule kule, huyu akipiga kelele na yule akinguruma kwa raha. Mchana kutwa uani palikuwa vumbi na vicheko.

Jioni ya tarehe 5, kifungua mimba wangu, ambaye yuko sekondari na hujifanya hana habari na mambo ya watoto wadogo, alikuwa akifua. Alimfuata mamake jikoni na soksi moja mkononi. Soksi ilikuwa na damu kavu kwenye kifundo cha mguu.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mvulana alikuwa amevaa soksi kutwa nzima, nazo siku hizo za Januari jua la Nairobi huwaka kama tanuri. Tukamwita. "Kulikuwa na mbu," akasema. Mamake akamvua soksi ya pili bila kuuliza tena. Juu ya kifundo palikuwa na alama mbili ndogo, moja ikiwa imechubuka tu na nyingine imeingia ndani. Zote zilikuwa zimepakwa mafuta ya kujipaka, na juu yake kipande cha karatasi ya daftari.

"Nilijikwaruza na msumari."

Hakuna aliyesema neno. Popi, nje, alikuwa akibweka kipepeo.

"Hakutaka kuniuma," mvulana akaanza kulia. "Tulikuwa tukicheza, Baba. Jana jioni. Nilivuta slipa na mguu wangu ukawa hapo. Hakutaka."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya badala ya yale ya bei ya sare za shule niliyokuwa nimeahidi. Alisema mwenzake darasani alimweleza kwamba mbwa akimuuma mtu, watu wa serikali huja wakamkata kichwa kikapelekwa Kabete. Basi aliona afadhali anyamaze.

Ewe mzazi unayesoma, ungemjibu nini? Nilitaka kusema ni uongo. Lakini nilijua kwamba mwenzake hakuwa ametunga yote. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa kuchunguza ubongo wa mnyama aliyekufa, na kwenye maabara ya mifugo ya Kabete uchunguzi huo hufanywa. Alichokosea ni kudhani kila mbwa aliyeuma hupitia hapo.

Mama Watoto hakungoja nimalize kufikiri. Siku hiyo mfereji ulikuwa mkavu, kwa hiyo alichukua mtungi wa lita ishirini na kipande cha sabuni, akamketisha mwanawe bafuni, akawa anamwagia maji kwa jagi na kusugua, anamwagia na kusugua. Kifungua mimba alisimama mlangoni na simu akihesabu dakika. Dakika kumi na tano. Jaribuni siku moja muone zilivyo ndefu. Lakini virusi vya ugonjwa huo hukaa kwenye mate, na sabuni na maji yanayotiririka huondoa na kuua vingi kabla ya mkono wa daktari kufika. Kwetu siku nzima ilikuwa imepita tayari, ila alituambia daktari baadaye kwamba kuchelewa kuosha ni bora kuliko kutoosha.

Mimi nilikuwa sebuleni nikimpigia mpwa wangu simu.

"Mjomba, nisamehe," akaanza kabla sijafika mbali. Ikadhihirika kwamba usiku wa tarehe 27 Desemba aliacha geti wazi akienda kumuona rafiki. Popi alitoka. Alipotea siku mbili, na kuna mtu aliyemwona akiandamana na mbwa koko upande wa machimbo ya mawe ya Njiru. Aliporudi, sikio lilikuwa limeshachanika. Kijana hakusema kwa sababu aliona haya.

Nilikata simu nikiwa na hasira za kutosha kuwasha jiko. Mama Watoto alitoka bafuni akijifuta mikono, akauliza swali moja tu.

"Na chanjo je?"

Kadi za mbwa hukaa kwenye droo pamoja na risiti za stima. Ya Simba ilikuwa sawa. Ya Popi ilionyesha alichanjwa tarehe 20 Novemba mwaka juzi, na kwamba alipaswa kurudiwa baada ya mwaka mmoja, yaani Novemba iliyopita. Mama Watoto alikuwa amenikumbusha Oktoba. Nilisema juma lijalo. Akanikumbusha Novemba. Nilisema baada ya mshahara. Kisha nauli za Krismasi zikapanda zilivyopanda, na pesa za Popi zikaenda Bungoma ndani ya basi. Tena, nakiri hapa mbele ya wasomaji wote, alipouliza siku ya kufunga mizigo nilimjibu, "Hayo yamekwisha."

Alitazama kadi, akanitazama, akairudisha kwenye droo. Angenifokea ningepata nafuu.

Usiku huohuo tuliondoka. Hospitali ya kwanza haikuwa na dawa. Ya pili ilikuwa nayo, na bei yake nisiitaje kwa sababu ya karo niliyokwisha kuitaja. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alimdunga mvulana sindano ya kwanza ya chanjo begani. Kisha, kwa kuwa jino lilikuwa limeingia nyamani, akaleta dawa nyingine ya kinga na kuidunga palepale kuzunguka jeraha. Hiyo ndiyo iliyomtoa machozi. Akaandikiwa siku za kurudi: ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. "Mbwa yuko wapi?" daktari akauliza. "Yuko hai? Msimuue. Akiwa hai na mzima siku kumi baada ya kuuma, basi hakuwa na virusi kwenye mate siku ile, na huyu hatahitaji sindano zilizobaki."

Ugonjwa huu si hadithi ya kutishia watoto. Ulithibitishwa kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi mwaka wa 1912, na haujatuacha tangu hapo. Virusi hupenya jerahani na kupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na muda wote huo mtu anakula, anacheza, hana hata homa. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema hadi visa 99 kati ya kila 100 vya binadamu hutokana na mbwa, na kwamba kati ya kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kenya ilizindua mwaka wa 2014 mpango wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100. Mimi, mwandishi wa ukurasa wa familia, nilikuwa nimemweka Popi miongoni mwa wale 30.

Asubuhi daktari wa mifugo alikuja, mama mmoja mkavu wa maneno, mwenye buti za mpira. Alimtazama Popi akila, akamtazama akinywa maji, akasikiliza anavyobweka. Akaagiza afungwe uani kwa mnyororo mrefu, asitoke, asichezewe, na mtu mzima ndiye amlishe. Tutazame kama atabadilika. Wengi hungoja mbwa mkali anayekimbia akiuma kila kitu, alisema, lakini kuna mwingine anayenyamaza, anajificha gizani, taya limelegea, udenda unamtoka, na watu humtia mkono kinywani wakidhani amekwamwa na mfupa.

Nilimuuliza kwa nini Popi huuma hivyo akicheza, ilhali Simba hajawahi kumtoa mtu hata alama. "Alilelewa na ndugu zake?" akauliza. Nikasema aliokotwa peke yake. "Ndiyo sababu. Watoto wa mbwa hufundishana. Mmoja akimuuma mwenzake kupita kiasi, mwenzake hulia na kuacha mchezo, na yule hujifunza kupunguza meno. Huyu hakuwa na wa kumlilia." Akatuonyesha la kufanya siku mchezo utakaporuhusiwa tena: jino likigusa ngozi, mchezo umekwisha hapo hapo, mtu anageuka na kuondoka. Na slipa si kitu cha kuvutana na mbwa. Atajuaje ni slipa ipi ya mchezo na ipi ya Mama Watoto?

Kisha akainama kwa kitinda mimba. "Hakuna anayemkata mtu kichwa hapa. Wewe ndiye utakayemtazama kwa niaba yangu, kutoka mbali. Uandike."

Jirani yetu wa upande wa chini alipopata habari alikuja kutupa shauri. "Baba, mbwa ni mbwa," akasema. "Mkiwa na shaka naye, dawa ya panya kwenye nyama, mambo yakaisha." Nikamuuliza mbwa wake watatu walichanjwa lini. Akasema hao ni mbwa wa nyumbani, hawana neno. Daktari wa mifugo alikuwa bado anafunga mkoba wake. Sijui walizungumza nini pale kwenye ua, lakini nusu saa baadaye nilisikia mbwa wa jirani akilia kwa sindano, na jirani mwenyewe akilalamikia bei.

Mvulana alichukua daftari la kurasa thelathini na mbili, akaandika juu yake POPI. Shule zilipofunguliwa alikuwa akiamka kabla ya wote, akisimama kwenye kizingiti na sare yake ya gredi ya nne, anatazama, anaandika. "Amekula. Amekunywa. Amebwekea mama wa maziwa." "Amekula. Amelala. Amejikuna." Jioni alitoka kwenye matatu akikimbia. Nyumba ilikuwa kimya ajabu. Popi alikuwa akiinama mwisho wa mnyororo, miguu ya mbele chini na makalio juu, akimwomba mtu yeyote mchezo, na sisi sote tukapita tukijifanya hatujaona. Simba peke yake ndiye aliyekwenda kulala pembeni mwake, nje kidogo ya upeo wa mnyororo.

Mama Watoto aliongea nami kuhusu chumvi, taa na maji. Mengine hakuongea.

Asubuhi ya tarehe 10 Popi hakula. Niliweka ugali na omena, akanusa, akageuza kichwa, akalala. Mvulana aliandika neno moja, "Hajala," na penseli ikavunjika. Sikwenda kazini. Nilikaa kwenye jiwe, nikimwangalia mbwa yule taya lake, macho yake, namna anavyopumua, na kila alipopiga mwayo moyo wangu ulishuka hadi kwenye viatu. Nilikuwa nimeshatafuta namba ya daktari wa mifugo wakati kifungua mimba alipotoka na blauzi yake ya shule haijafungwa vifungo vyote.

"Baba, usimpigie," akasema. "Nilimpa chapati usiku. Kwa dirisha."

"Ngapi?"

"Nne. Alikuwa analia."

Mtoto huyo ndiye aliyekuwa akisema tangu mwaka juzi kwamba nyumba yenye akili haifugi mbwa wawili. Niliketi tena kwenye jiwe, nikacheka hadi Mama Watoto akachungulia dirishani. Alipoelezwa hakucheka, lakini aliniletea kikombe cha chai, cha kwanza tangu tarehe 5. Saa nane mchana Popi alimaliza ugali wote na kulamba sufuria.

Sindano ya pili ilipita tarehe 8, ya tatu tarehe 12. Tarehe 14 ilikuwa siku ya kumi. Daktari wa mifugo alifika mapema, akamtazama Popi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema mtoto amesalimika na sindano ya mwisho haitahitajika. Akamchanja Popi papo hapo. Ila akanionya kwamba siku kumi zilikuwa za mtoto. Za Popi mwenyewe ni nyingine, kwa sababu hakuna ajuaye ni mbwa gani aliyemchana sikio kule machimboni, na virusi vikiwa mwilini mwa mbwa vinaweza kukaa miezi kabla ya kujionyesha. Kwa hiyo hadi nusu ya mwaka ipite hatoki getini bila kamba, na akibadilika hata kidogo nimpigie simu saa yoyote. Tarehe hiyo nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu, na tarehe ya chanjo ijayo kwa kalamu nyekundu pia. Kadi sasa haikai tena droo moja na risiti za stima. Inakaa kwenye mkoba wa Mama Watoto.

Mnyororo ulipofunguliwa, Popi alisimama kama asiyeamini. Kisha akatimka, mara moja kuizunguka nyumba, mara ya pili, mara ya tatu, Simba akimtazama kwa uchovu wa wazee. Mara ya nne alipita mlango wa jikoni, na alipotoka alikuwa na kitu kinywani. Mama Watoto alimfuata kwa mguu mmoja akipiga kelele, mwiko mkononi, akafika katikati ya uani akasimama. Akamtazama. Halafu akavua slipa iliyobaki, akamtupia.

Mvulana alikuwa kwenye kizingiti na daftari lake. Nilichungulia juu ya bega lake. "Siku ya 10. Amekula. Amekunywa. Ameiba slipa."

Mpya nilinunua Jumamosi, pamoja na mpira wa kamba wa mbwa ambao Popi hadi leo hajautazama.